Shavu la Kushoto

4 Machi

Dada,

Salamu zangu zote zimo kwenye barua ya mwezi uliopita ambayo hukuijibu, kwa hiyo leo naingia moja kwa moja.

Mama hanijui tena. Jina langu hajalisahau, analitaja kutwa nzima. Anaketi kwenye kiti chake sebuleni, anainyooshea kidole ile picha kubwa tuliyopiga siku ulipofungua studio, na kuwaambia wageni, "Huyu mkubwa ana studio mjini. Na huyu mzuri ndiye Kitinda wangu, wa mwisho kuzaliwa." Kisha ananigeukia mimi niliyesimama hapo hapo na kuniambia, "Wewe, waletee wageni chai."

Mwanzoni nilicheka. Nikadhani ni uzee unamchezea, kesho atakaa sawa. Hakukaa sawa. Juzi nilimsikia akimnong'oneza jirani kwamba binti wa kazi aliyepewa ni mchapakazi kweli, ila shavu lake la kushoto linamkosesha hamu ya kula. Jana nikimwogesha akanishika kidevu, akanikagua, akaniuliza, "Mama yako hakukupeleka hospitali?" Nikamwambia alinipeleka, alinibeba mgongoni njia nzima. Akasema, "Huyo alikuwa mama mwema." Nikaendelea kumsugua mgongo.

Nimekaa nikafikiri, na nadhani nimelijua tatizo. Humu ndani hakuna picha yangu hata moja yenye kovu la moto. Sebuleni, chumbani kwake, kwenye albamu, kote nina mashavu mawili laini kama ya mtoto wa tangazo la sabuni. Umeniosha kote. Akili yake imebaki na ukuta tu, na ukuta unamwambia mimi si mimi.

Nitafutie picha moja ya zamani, ambayo hukuigusa. Nataka nimwekee mbele ya macho, nimwambie ndiyo hii, tazama, ni mimi. Daktari anasema hali yake haitarudi nyuma. Nataka anijue siku moja tu kabla hajaenda. Sikuombi kingine.

Mdogo wako


19 Machi

Kitinda,

Usininunie. Huu ni msimu wa harusi na mabibi harusi wamenikalia kichwani. Wiki hii amekuja mmoja na mama yake na mashangazi, ukumbi mzima wa kunisimamia, anataka nimpunguze shingo. Picha imeshapigwa, harusi imeshapita, bwana ameshamwoa na shingo yake yote, yeye anataka ipungue. Nikampunguza. Alilia kwa furaha mpaka akaniachia machozi kwenye kaunta.

Na kuna mzee karudishwa na ofisi ya vitambulisho. Karani amekataa picha yangu, anasema haifanani naye. Nikajua leo nitatukanwa. Kumbe mzee kaja kunishukuru, na kuniuliza kama kuna dawa yoyote ya kuufanya uso uifuate picha. Nilicheka nikashika mbavu. Hata karani yule, nakuhakikishia, picha yake ya kitambulisho kaipigia kwangu.

Sasa hilo unaloniomba. Sina, mdogo wangu. Kazi ya kusafisha inafanywa kwenye negativu yenyewe, ile filamu picha inakotolewa. Nainama juu ya taa na wembe, nakwangua kidogo kidogo, pengine nagusia kwa penseli niliyoichonga kama sindano. Negativu ikishakwanguliwa hairudi. Na zile picha kuukuu nilizozitoa kwenye sanduku la Mama, nilipozipiga upya na kuzisafisha nilizitia motoni. Ndivyo ninavyofanya kwa kila mteja, hata awe nani. Ukimrudishia mtu ya zamani pamoja na mpya ataanza kulinganisha, na anayelinganisha haridhiki. Mbaya haitoki studio kwangu.

Halafu usinitwishe mzigo huu peke yangu. Nani alinifuata chumba cha giza, ana miaka kumi na saba, akaniambia, "Dada, niondolee na mimi nijione"? Nani aliibusu karatasi ikiwa bado mbichi? Mama alipoiona alikaa chini sakafuni akailia. Aliniambia nimemrudishia mwanawe. Nyote wawili mlifurahi, na mimi ndiye niliyeumwa macho.

Nitakuja Jumapili moja mwezi huu, nikipata nafasi. Mpake Mama mafuta kichwani, nataka kumpiga picha.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Ulikuja. Ulishuka na kamera begani na miwani ya jua, na Mama akakujua ukiwa bado getini. Aliinuka mwenyewe, yeye ambaye mimi huinuka naye kwa kumkumbatia kiunoni. Nilifurahi, sitakuficha. Nilisema moyoni, huyu akishakaa naye, atamwambia.

Halafu akakuuliza, "Na mdogo wako yuko wapi?" Nilikuwa nimesimama mbele yenu na sinia. Ulinitazama. Hukunitazama kwa bahati mbaya, ulinitazama hasa. Ukamjibu, "Anakuja kesho, Mama."

Niliweka vikombe mezani nikarudi jikoni. Nikawasikia mkicheka. Ukaniita nije nishike lile shuka jeupe nyuma ya kiti chake ili picha itoke vizuri, na nikalishika. Ukaniambia nisitikisike.

Tangu siku hiyo anakaa dirishani tangu asubuhi. Kila nikipita ananiuliza, "Kesho ni leo?"

Baada ya wewe kuondoka nilikwenda kwa yule mpiga picha wa karibu na kituo cha mabasi, yule unayesema hajui hata kusimamisha kamera. Nikamwambia anipige kama nilivyo. Akanipiga, kanitoa kama nilivyo, na nikaibandika karibu na kitanda cha Mama. Aliamka akaiona akapiga kelele. Aliniomba niiondoe ukutani, alidhani kuna mtu ameingia. Niliielewa hofu yake. Kwake hiyo ni sura mpya, hajawahi kuniona ukutani hivyo.

Lakini nimepata jambo. Mjomba alikuja kumwona dada yake, nikamweleza, akasema yeye anayo picha moja. Unaikumbuka siku niliyotolewa hospitali? Kulikuwa na mpiga picha wa kutembeatembea pale getini. Mimi nina miaka minne, bandeji zimetolewa asubuhi ile, shavu linang'aa. Mama amenipakata. Kiganja chake kimelala chini ya kovu, kama mtu aliyebeba yai, na anacheka na meno yote. Mjomba aliiomba akakaa nayo, ndiyo maana hukuipata kwenye sanduku.

Nilipomwonyesha Mama, aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja, na macho yake hayana nguvu tena. Akasema, "Huyu ni mimi." Halafu akasema, "Na huyu kitoto..." akaishia hapo. Dada, alikuwa karibu. Kidole chake kilikuwa juu ya shavu. Ingekuwa kubwa angefika.

Mdogo wako


22 Aprili

Kitinda,

Unaandika kama hakimu. Daktari ndiye aliyesema tusimbishie, anachosema tukikubali. Ningemwambia ni wewe, angekutazama akaanza kulia, siku nzima ingeharibika, na mimi nilikuwa na basi la saa kumi. Nilimpa jibu la kumtuliza. Wewe uko naye kila siku, una siku nyingi za kumwambia.

Na lile shuka ulilishika vizuri. Mama katoka kama malkia. Nimemweka kwenye dirisha la mbele la studio na watu wanasimama. Mama mmoja kaniuliza ni mke wa mkubwa gani.

Hiyo picha ya mjomba ilete. Nani mwingine atakukuzia mpaka ukubwa wa ukuta bila kuifanya uji? Huyo wa kituo cha mabasi? Itume kwa mkono wa dereva wa basi la asubuhi, iweke katikati ya kadibodi mbili, usiikunje. Nitaifanya mwenyewe, sitampa mtu mwingine. Kwa Mama nitaacha hata harusi.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Dereva anayo. Nimeifunga ndani ya kadibodi, na kadibodi ndani ya kitambaa cha Mama, na nimemwapisha dereva.

Sina nakala nyingine, na wala dunia haina. Kwa hiyo nakuandikia taratibu, kama ninamwandikia mtu asiyejua kusoma. Ikuze. Usisafishe. Usikwangue kitu, usiguse kwa penseli. Ikiwa na mikwaruzo iache na mikwaruzo. Ikiwa kona moja imeliwa na mende iache ilivyoliwa. Shavu liache. Kiganja cha Mama kiache pale kilipo. Halafu nirudishie na ile ndogo.

Najua unanipenda. Nakuomba usinipendee kwenye hii.

Mama ameanza kukataa chakula kutoka mkononi mwangu. Ananiambia anamsubiri Kitinda, watakula wote. Namwekea sahani mbili, naondoka, nachungulia mlangoni. Anakula ya kwake na kuifunika ile nyingine.

Fanya haraka.

Mdogo wako


20 Mei

Kitinda wangu,

Kaa chini kabla hujafungua bomba hilo la karatasi. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kutoa kitu kama hiki.

Ulijua hiyo picha ilikuwa katika hali gani? Mende wamekula, maji yameingia, yule mpiga picha hakuwa anajua mwanga unatokea wapi. Niliipiga upya, nikafunga mlango wa chumba cha giza, nikasema leo nafanya kama ulivyosema, naikuza tu. Nikaikuza. Ikatoka kwenye dawa polepole, na ule uso ukaanza kunitazama kutoka kwenye beseni, mkubwa kama wa mtu mzima. Sikuweza. Nakwambia kweli, mkono wangu ulienda kwenye wembe wenyewe. Niliona haya kwa ajili yako. Ukuta mzima wa jambo lile, kila mgeni anayeingia alitazame? Na Mama aondoke duniani akiwa analitazama hilo?

Nimekufanya mzuri ajabu. Shavu limekuwa kama la upande wa pili, nililikopi kutoka huko. Lakini hapo nikakutana na shida. Kile kiganja cha Mama. Kovu lilipoondoka, kiganja kikabaki kimeshika kitu ambacho hakipo. Kikawa kama anakuomba, au anazuia mate. Kilinikera, nikafanya kazi usiku kucha nikakiondoa pia, nikakuvalisha kola pale kilipokuwa. Sasa amekupakata kwa mkono mmoja tu na anacheka. Hutajua kabisa kwamba kulikuwa na mkono.

Ile ndogo sikuirudisha. Unajua kawaida yangu.

Mwambie Mama kwamba mkubwa wake kamtumia zawadi. Niandikie amesemaje.

Dada yako


16 Juni

Dada,

Uliniuliza Mama alisemaje. Msibani sikuweza kukujibu. Ulikuwa na kamera usoni siku zote mbili, na kila nilipokukaribia uliniashiria kwa mkono nisogee kidogo, nakuzibia.

Nilipoifungua picha yako nilikaa nayo sakafuni jikoni. Nilifikiria kuitia motoni iwake. Lakini Mama alikuwa ameshasikia karatasi, akaniita, "Ni barua ya Kitinda?" Nikamwekea ukutani mbele ya kitanda, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

Aliipenda. Furahi basi, aliipenda kuliko zote. Alisema, "Ndiye huyo, ndiye huyo." Toka hapo akaacha kula kabisa. Alisema mwanawe yuko njiani, haiwezekani amkute ameshakula. Nikienda na kijiko alifumba mdomo. Usiku ule wa mwisho alinipiga kofi. Kofi la mgonjwa, halina nguvu, lakini alilenga shavu lile lile. Akasema, "Toka na uso wako."

Nikatoka. Nikasimama koridoni. Kulikuwa na mtandio wake umetundikwa kwenye msumari. Niliuvaa, nikauvuta upande wa kushoto mpaka ukafunika shavu lote, nikauchomeka shingoni. Nikagonga mlango wa chumba ambacho nimelala miaka yote hii kwenye mkeka chini ya kitanda chake, nikaingia kama mgeni.

Alinijua. Dada, alinijua nikiwa mlangoni. Alinyoosha mikono yote miwili, akasema, "Kitinda, umechelewa, mwanangu." Nilipiga magoti akanikumbatia. Nilimlisha supu yote, akaimaliza. Alikuwa akinitazama upande ulio wazi na kulinganisha na ukuta, anatazama ukuta, ananitazama mimi, anatabasamu. Aliniuliza habari za safari. Nikamwambia njia ilikuwa mbaya.

Kisha akanivuta karibu, akaninong'oneza. "Kuna mwanamke humu ndani, ana shavu limeungua. Ananishikashika. Usiku analala hapa chini ya kitanda changu, ananisikiliza ninavyopumua. Mfukuze, mwanangu. Sitaki nife akiwa humu."

Nikamwambia, "Nitamfukuza, Mama."

Akasema, "Sasa hivi."

Kwa hiyo nilitoka, Dada. Nilisimama koridoni nikasema kwa sauti, "Toka, nenda zako," nikaufungua mlango wa nje nikaubamiza ili asikie. Niliporudi mtandio ulikuwa umeteleza kidogo, nikaurekebisha kabla hajageuka. Alikuwa anacheka kwa raha. Akasema, "Asante." Akashika mkono wangu akalala, na hakuamka.

Alinipenda usiku ule, najua. Nilipata nilichokuomba mwezi Machi, na nilikipata kwa kumfukuza mtu aliyemwosha miaka yote. Nakuchukia kwa hilo. Nimelijaribu neno hilo mdomoni siku kadhaa nione kama litapungua, na halijapungua.

Usiniandikie.

Mdogo wako


2 Julai

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara moja na sitaisoma tena. Studio nilifunga siku hiyo. Wateja waligonga nikawaacha wagonge.

Umeniambia nisikuandikie, nami sijui kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Wewe ulikuwa na kumwosha, kumlisha, kumgeuza. Mimi nilikuwa na hiki tu. Kuomba msamaha sitaomba, kwa sababu alikufa anacheka, umesema mwenyewe, na hicho kicheko mimi ndiye niliyekitengeneza. Wewe ulileta mtandio tu.

Nimekaa wiki mbili na picha za msiba. Nilikuashiria usogee, ni kweli, lakini hukusogea, umo karibu katika zote. Pale kaburini, pale mlangoni, pale umekaa na mjomba. Kwa kila moja nimeinama juu ya taa na wembe mpaka macho yakatoa maji. Albamu ndiyo hiyo, nimeifunga vizuri, dereva ni yule yule. Negativu nyingine sina, usiniulizie.

Fungua ukurasa wa kwanza, ule ambao umeshika jeneza. Sijawahi kukufanyia kazi safi kama ile. Ungekuwa hivyo tangu mwanzo, Mama asingekuuliza wewe ni nani.

Dada yako